Ukikusanya sahihi za mtaa, kitambulisho kwanza

Masika yakianza, mtaro wa nyuma ya nyumba yetu Majengo hufurika, maji yakaja hadi kwenye godoro. Ndiyo maana nilizunguka na karatasi za ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi kwa serikali, mlango kwa mlango, na haya ndiyo ningependa mie kuambiwa siku ya kwanza.

Jueni kwanza mwabisha wapi. Kwa Katiba ya Kenya ya 2010, mitaro ya maji ya mvua, masoko na chekechea ni kazi ya kaunti. Polisi na shule za sekondari ni za serikali kuu. Hayo mwapeleka Bunge. Hata mtu mmoja aruhusiwa kuleta ardhilhali. Sahihi nyingi ni nguvu tu.

Mkitaka jambo la kaunti lipigiwe kura na wakaazi wenyewe, hapo sahihi zina hesabu. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 90, yataka robo ya wapiga kura waliosajiliwa mahali hapo. Wakiwa 20,000, tafuteni 5,000. Kugeuza Katiba kwa ombi la wananchi kwataka sahihi milioni moja za wapiga kura, kisha mabunge ya kaunti 24 kati ya 47, kisha Bunge. Mambo mengine mazito huishia kwa kura ya maoni.

Na sahihi huhakikiwa. Okoa Kenya, kampeni ya upinzani ya kutaka kugeuza Katiba, walipeleka zaidi ya milioni. Mwaka 2016 tume ya uchaguzi ikasema zilizo halali ni 891,598. Kazi yote ile ikaanguka.

Kwa hivyo msiandike kwa haraka. Jirani yangu mmoja, bi mzee, alijiandika kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Mwanangu, hapa mtaani nani anijua kwa jina jingine?" Nikamwomba radhi, akatoa kitambulisho kwenye mkoba, tukaandika upya herufi kwa herufi, nambari nikaisoma mara mbili kwa sauti. Fanyeni hivyo kwa kila mtu, hata foleni ikiwa ndefu. Usimtilie sahihi mwenzio, hata mumeo akiwa kazini, rudi jioni. Na kila ukurasa uandikwe juu ombi lenyewe, mtu ajue atia sahihi kwa lipi.

Mkipeleka, bebeni nakala ya pili igongwe muhuri wa tarehe papo hapo. Ofisi moja ilinipotezea karatasi zangu za kwanza, nami sikuwa na ushahidi wowote. Sasa nakala yangu i kabatini, chini ya leso.