Pi ya kuendesha CNC: cheki umeme na joto kwanza
Mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi mnaochonga milango kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo, na programu ya LinuxCNC, mota ikiruka stepu (ikikosa hatua ilizoamriwa) msikimbilie kununua draiva mpya (kifaa kinachoendesha mota). Fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) ya Pi andika vcgencmd get_throttled, ikijibu 0x0 poa, ikija namba nyingine ujue tangu uiwashe ilishakosa umeme wa kutosha au ilipata joto, maana ikifika nyuzi 80 inajipunguza spidi yenyewe, na joto letu hili la pwani halafu umeifungia kwenye boksi halina feni, vumbi la mninga limejaa, itafika tu. Chaja ya simu achana nayo kabisa, weka adapta ya volti 5 ampea 3. Kisha endesha latency-test, kipimo cha LinuxCNC cha ucheleweshaji, huku umefungua madirisha mengine, jita (kuyumba kwa muda wa kutuma amri) ikipanda sana usiweke ubao bado.