Mifupa Inapovunjika Kirahisi Uzeeni: Tiba na Namna ya Kuitumia

Mzee akivunjika nyonga, kifundo cha mkono au pingili ya mgongo kwa kujikwaa tu, msiseme ni uzee. Mifupa imekuwa myepesi, na ipo hatari ya mfupa mwingine kuvunjika, hasa miaka 2 ya mwanzo. Kupungua urefu kwa sentimita 4 au kuota kibyongo huashiria pingili zilizobonyea.

Ombeni kipimo cha DEXA, yaani eksirei inayopima uimara wa mifupa. Jibu la -2.5 au chini zaidi, kwa aliyekwisha kuvunjika hivyo, ni osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi) kali. Kipimo kikiwa mbali, nyonga au pingili iliyovunjika inatosha kuanza kuzungumzia dawa. Damu ipimwe kalsiamu, vitamini D na figo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na saratani visisahaulike, maana navyo hubomoa pingili. Mtajieni daktari dawa zote anazotumia, hasa prednisoloni, ambayo hudhoofisha mifupa.

Dawa inayoanzwa mara nyingi ni alendronati ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki, na hapo ndipo wengi hukosea. Kimezwe asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai na maziwa hapana: hata tumbo likiwa tupu, mwili hupata chini ya asilimia 1 ya dawa, na maziwa huizuia hiyo kidogo. Kisha mzee akae wima dakika 30, bila kula wala kujilaza, kwa sababu kidonge kikirudi juu huunguza umio. Asiyeweza kukaa wima aulizie dripu ya asidi ya zoledroniki, miligramu 5 mara moja kwa mwaka; homa ya siku 2 au 3 baada yake ni kawaida. Figo zikiwa zimechoka sana, zote mbili hazifai.

Dawa nyingine, denosumabu, huchomwa chini ya ngozi kila miezi 6. Sindano hii haisogezwi mbele: ikicheleweshwa au kuachwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mkupuo. Hakikisheni mtamudu sindano ya pili kabla ya kuchoma ya kwanza. Kwa pingili nyingi zilizovunjika, ulizieni teriparatidi, inayojenga mfupa. Ni ghali, na ikiisha lazima ifuatwe na dawa nyingine.

Meno mabovu yatibiwe kabla ya kuanza alendronati, asidi ya zoledroniki au denosumabu, kwani taya linaweza kukosa kupona baada ya kung'oa. Maumivu mapya ya paja yaripotiwe mapema, kwani mfupa wa paja unaweza kuwa umeanza kupata ufa.

Kalsiamu inayohitajika ni miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa kina takriban 300; dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia sana. Tembe za kalsiamu zisimezwe pamoja na alendronati.

Ndoo ya lita 20 mzee asiiinue kabisa. Kuinama na mzigo hubonyeza pingili. Chooni wekeni kiti na chuma cha kushikilia, kandambili zilizolika zitupwe, na taa iachwe ikiwaka usiku kutoka kitandani hadi chooni.