Jinsi ya kuwafanya wanachuo wachangie damu kila mara, sio mara moja tu

Kumpata mwanachuo mara ya kwanza sio ishu, ishu ni arudi. Anza na ma-CR (viongozi wa madarasa), afu panga siku iwe mbali na UE (mitihani ya mwisho wa semista) maana kipindi kile watu hawalali wala hawali vizuri na mmoja akizimia pale basi ndo umepoteza hosteli nzima. Awe na miaka 18, kilo 50 kwenda juu, ale kwanza anywe na maji. Damu anayotoa ni kama mililita 450 tu. Wakati anakunywa soda chukua namba yake, mkaka mkumbushe baada ya miezi 3, mdada miezi 4. Likizo ndo damu inakosekanaga, so muelekeze kituo cha kwao. Na hela usimpe kabisa jamani.