Kuomba uzamivu wa seli za mimea Ujerumani: pa kukazania ni barua za walimu

Wiki iliyopita nilimsaidia mdogo wangu mmoja wa Morogoro kutuma maombi. Naandika tulivyofanya, kwa kuwa mimi njia hiyohiyo ilinila mwaka mzima.

1. Swali lako. "Napenda mimea" haitoshi. Yeye alichagua plasmodezmata, vijitundu vinavyounganisha seli na seli kupitia ukuta wa seli, maana virusi hupenya humo kusambaa mmea mzima. Kwao wanalima muhogo. Michirizi ya kahawia, ugonjwa wa muhogo unaoletwa na virusi, anaijua tangu utotoni: shina limesimama vizuri, ukikata mzizi, ndani una mabaka makavu ya kahawia. Ugonjwa huo uliripotiwa Tanganyika mwaka 1936. Aya moja yenye hayo ilibeba barua yake yote ya maombi.

2. Mahali. Anza na shule za uzamivu za Max Planck, mtandao wa taasisi za utafiti za Ujerumani: Köln na Potsdam-Golm. Mimi nazipendelea kuliko kumwandikia profesa mmoja mmoja; unashindanishwa wazi, na nafasi ina malipo yake.

3. Wasifu. Kurasa mbili, PDF. Andika mikono yako ilichofanya: "nimetoa DNA ya majani ya muhogo kwa CTAB, nikaendesha PCR." (CTAB ni kemikali ya kutolea DNA; PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi.)

4. Barua za walimu, zile za kukupendekeza. Hapa ndipo nilipoangukia. Nilijaza kila kitu, nikatuma, nikalala. Kumbe mfumo wa maombi wa mtandaoni hutuma kiungo cha kupakia barua kwa mwalimu mwenyewe, na cha mwalimu wangu kiliingia kwenye barua taka akiwa shambani, hana mtandao. Barua moja ilikosekana, ombi likafungwa.

Kwa hiyo anza na hatua hii kabla ya hiyo ya kwanza, wiki 6 mapema. Nenda ofisini kwake, usiishie kwenye ujumbe wa simu: "Shikamoo mwalimu, naomba uniandikie barua." Mwachie ukurasa mmoja: kichwa cha tasnifu yako, alama, jaribio ulilofanya mbele yake, tarehe ya mwisho. Mwulize barua pepe anayoifungua kila siku. Wengine wana ya chuo wasiyoigusa, ila baadhi ya programu hukataa ya Gmail kwa mwalimu, hivyo mwombe aifungue ile ya chuo mkiwa pamoja. Ukishaingiza jina lake kwenye mfumo, mpigie siku hiyohiyo, atazame hadi kwenye taka. Mwalimu wa tatu wa akiba awe ameshakubali. Na soma kama barua zina tarehe yake tofauti na ya maombi. Saa 23:59 ya Ujerumani wakati wa baridi kwetu ni saa nane kasoro dakika moja usiku; muda huo hakuna wa kumwamsha.

Usibonyeze kutuma na kwenda zako. Rudi kwenye ukurasa wako mpaka uone kila barua imepokelewa.

5. Mahojiano. Kwa video. Uwe na picha ya jeli yako mezani, ile inayoonyesha DNA kwa mistari, ueleze kila mstari, pamoja na ule wa kontroli (sampuli ya kulinganishia) uliogoma.