Pilipili ya chupa: namna ya kupata inayokufaa

Wateja wengi dukani huuliza swali moja tu: "Hii ni kali?" Swali hilo liache mwishoni. Anza na chakula unachokula mara nyingi, kwa sababu pilipili inayonogesha mishkaki inaweza kuharibu bakuli la mtori, hata kama ukali ni uleule.

Rafu za maduka ya Arusha na Moshi zina aina tatu kubwa. Ya kwanza ni nyepesi, inadondoka kama maji: pilipili, siki na chumvi, basi. Tabasco ya Marekani ni ya kundi hili. Inakaa vizuri kwenye vyakula vya mafuta kama supu ya mbuzi, kitimoto na chipsi mayai, maana siki inakata mafuta mdomoni. Ya pili ni nzito na tamu, ile ya vibanda vya chipsi, yenye nyanya, sukari na wanga. Ya tatu ni pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu, isiyo na siki au yenye siki kidogo sana. Hiyo ndiyo ya wali, machalari na ndizi za kuchemsha.

Sasa angalia uchachu wa chakula chenyewe. Loshoro tayari ina maziwa mgando. Ukiongeza pilipili ya siki, mdomo unabaki na uchachu mtupu. Tumia ya mafuta, au kata pilipili mbichi. Makande yaliyochemshwa kwa magadi yana shida ya kinyume: magadi yanaua uchachu wa siki, kwa hiyo unaongeza, unaongeza tena, na mwisho unachokisikia ni chumvi. Hapo pia ya mafuta ndiyo jibu. Mtori uliotiwa maziwa usiwekewe pilipili ya siki ukiwa jikoni, maziwa yatakatika. Kila mtu atie matone yake mezani.

Kisha geuza chupa usome viungo. Huandikwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito hadi kilicho kidogo. Kama maji, sukari na nyanya vimetangulia na pilipili iko nafasi ya sita, hiyo ni sosi tamu yenye pilipili kwa mbali, hata ikiwa nyekundu kiasi gani. Rangi haisemi chochote kuhusu ukali. E415 ni ya kuifanya sosi iwe nzito, E260 ni asidi ya siki, E211 na E202 ni za kuzuia kuharibika. Hazitishi, ila sosi inayosimama kwa wanga na E415 peke yake huwa na ladha hafifu na utelezi usiopendeza. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe ya mwisho wa matumizi viangalie hapo hapo.

Ndipo tunafika kwenye ukali. Kipimo kinachotumika kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville. Hoho ni sifuri. Jalapeño, pilipili ya Meksiko, iko kati ya 2,500 na 8,000, pilipili kichaa 50,000 hadi 100,000, na jamii ya habanero, anakoingia pilipili mbuzi wetu, 100,000 hadi 350,000. Tarakimu hizo ni za pilipili yenyewe. Sosi ya mbuzi iliyojazwa karoti inaweza kuwa pole kuliko ya kichaa isiyochanganywa na kitu. Tofauti nyingine ni namna zinavyouma: kichaa hukuchoma papo hapo kwenye ulimi, mbuzi huanza na harufu ya tunda bivu, halafu moto unapanda nyuma ya koo. Unayependa harufu ya mbuzi lakini unaogopa moto wake, tafuta iliyochanganywa na embe, papai au karoti.

Usionje kwa kulamba kidole. Chukua kipande cha ugali au ndizi ya kuchemsha isiyo na chumvi, weka tone moja, tafuna, kisha subiri dakika mbili kabla ya kutoa hukumu. Kosa la kawaida ni kuongeza tone la pili mapema, kabla moto wa mbuzi haujafika. Anza na iliyo pole, na kabla ya kwenda kwenye nyingine pumzika kama dakika kumi. Maji hayasaidii, kwa kuwa kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Kunywa maziwa au mtindi. Usionje zaidi ya tatu kwa siku, ulimi unakufa ganzi na kila kitu kinaonekana pole.

Pilipili za kutengenezwa nyumbani, zinazouzwa kwenye chupa zilizotumika, mara nyingi zina ladha kuliko za kiwandani. Uliza imetengenezwa lini na kama ina siki. Chupa iliyovimba, au inayotoa gesi ukifungua kifuniko, irudishe. Ya mafuta yenye kitunguu saumu kibichi ni ya friji tu na imalizwe ndani ya siku chache. Mafuta yanazuia hewa, na bakteria wa sumu ya botulizimu wanapenda mahali pasipo na hewa.

Usipopata inayokuridhisha, tengeneza: pilipili mbuzi 6, karoti 1, punje 4 za kitunguu saumu, siki mililita 125, maji mililita 100, chumvi kijiko kimoja cha chai. Chemsha dakika 15 madirisha yakiwa wazi, maana mvuke wake unakohoza nyumba nzima, saga ikishapoa kidogo, kisha irudishe motoni ichemke tena. Tia kwenye chupa ya glasi iliyochemshwa na uiweke kwenye friji. Ikiwa kali mno, ongeza karoti iliyochemshwa, usiongeze maji. Kwa ukali mdogo tangu mwanzo, toa utando mweupe wa ndani. Ndio unaobeba moto mwingi, kuliko mbegu.

Na kama umenunua ile tamu kwa ajili ya mishkaki, ipake dakika tatu za mwisho. Ukiipaka mapema sukari inaungua, nyama inakuwa nyeusi na chungu wakati ndani bado mbichi.