Jinsi ya kuomba likizo ya kumi la mwisho la Ramadhani, kwa wafanyakazi wa hoteli Malindi

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, hoteli za Malindi zimejaa wageni na rosta imebana. Ukisimama usiku kucha katika kumi la mwisho, kisha alfajiri uwe jikoni unakaangia wageni mayai, mwili utakuangusha usiku wa pili tu. Omba likizo, na uiombe kwa maandishi. Mwaka wangu wa kwanza niliomba kwa mdomo. Msimamizi akaniambia, "Hakuna shida." Usiku wa 23 nilikuwa nasukuma toroli la vyombo, namsikia imamu akisoma ng'ambo ya ukuta, machozi yananitoka.

Anza na hesabu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28, inampa aliyetimiza miezi 12 mfululizo kazini siku za likizo zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, na mkikubaliana zinaweza kugawanywa. Uliza ofisini umebakiwa na ngapi. Ukiondoa siku zako za mapumziko ya wiki, kumi la mwisho litakula kama siku tisa.

Kisha tarehe, na hapa wengi hukosea. Usiku hutangulia mchana wake: usiku wa 21 unaingia magharibi ya siku ya 20. Mwenye nia ya itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, aingie msikitini kabla jua halijatua siku hiyo, kwa hivyo likizo ianze siku ya 20, si ya 21. Na kwa kuwa tunangoja mwezi uandame na Kadhi Mkuu atangaze, acha nafasi ya siku moja. Barua yangu huwa fupi:

"Naomba likizo ya mwaka kuanzia siku ya 20 ya Ramadhani hadi Idi. Kwa kalenda ni tarehe … hadi …, na huenda zikasogea siku moja kwa mwandamo wa mwezi. Zamu zangu atazishika …, aliyetia sahihi hapa chini."

Sahihi hiyo ya chini ndiyo inayofungua mlango. Msimamizi hagombi na ibada yako, anaogopa pengo kwenye rosta. Yangu hutiwa na mwenzangu Mkristo, kwa sababu mimi humshikia zamu zake za Krismasi. Mapatano hayo yafanyeni tangu Desemba.

Peleka barua Rajabu, Shaabani ikichelewa sana, pamoja na fomu ya likizo ya hapo kazini. Chapa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ibaki kwako.

Ukiulizwa sababu, usione haya. Sema kwamba katika siku hizo mna Lailatul Qadri, usiku ulio bora kuliko miezi 1,000, na anayeusimamia kwa imani na kutaraji thawabu husamehewa madhambi yaliyotangulia. Bibi Aisha amesimulia kuwa kumi hilo likiingia, Mtume (s.a.w.) alikuwa akikaza shuka yake, akiuhuisha usiku na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake. Nimeona wakubwa wasio Waislamu wakilainika kwa maelezo hayo.

Wakikataa, omba jibu la maandishi, kisha omba angalau usiku wa witri, yaani 21, 23, 25, 27 na 29, au zamu inayoanza mchana. Kwa zamu hiyo, lala mara tu baada ya tarawehe. Hapa kwetu theluthi ya mwisho huingia kati ya saa saba na nusu na saa nane usiku. Amka, swali rakaa mbili mbili, kwa kadiri ya nguvu zako, ufunge kwa swala ya witri kama hukuiswali na imamu. Hata rakaa chache zina uzito, kwani Mtume amesema swala bora baada ya faradhi ni ya usiku.

Wakikubali, mjulishe imamu mapema ikiwa utakaa itikafu. Siku ya 20, adhuhuri, kabidhi funguo na daftari la zamu, nenda nyumbani ukaoge, uwe msikitini kabla ya adhana ya magharibi.