Meli ya kitalii Septemba hadi Novemba: namna ya kukisia msongamano kabla hujalipa

Kuuliza kama meli itajaa hakusaidii sana. Kampuni hushusha bei mpaka vyumba viishe, kwa hiyo hata Septemba ni nadra meli kung'oa nanga na vyumba vingi vitupu. Cha kuuliza ni kila chumba kimelaza wangapi. Uwezo wa meli hutangazwa kwa hesabu ya watu wawili kwa chumba. Vitanda vya kukunjuliwa ukutani na makochi ya kulalia havihesabiwi. Ndiyo maana Julai unasikia meli imejaa kupita asilimia 100 na hakuna sheria iliyovunjwa. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, huchukua abiria 5,610 wakilala wawili wawili, na 7,600 vitanda vyote vikilaliwa. Hao karibu 2,000 wa nyongeza wengi wao ni watoto, na shule zikifunguliwa ndio wa kwanza kupungua.

Pima kwanza meli yenyewe. Tafuta ukubwa wake kwa GT (kipimo cha ujazo wa ndani, si uzito), ugawe kwa abiria wa wawili wawili. Icon ina GT 248,663, hivyo unapata 44 kwa kila abiria. Ikijaa hadi 7,600 inashuka mpaka 33 hivi. Queen Mary 2, yenye GT kama 149,000 na abiria wasiozidi 2,700 kwa hesabu hiyo hiyo, inatoa 55. Chini ya 35 utaipata foleni kila pembe. Kati ya 35 na 45 ni kawaida ya meli kubwa za siku hizi. Ikipita 50 utatembea bila kugongana na mtu.

Kisha fanya jaribio la kukata tiketi, bila kulipa. Ingia kwenye tovuti ya kampuni, chagua safari, andika watu wazima wawili uone vyumba vinavyotolewa. Rudia kwa watu wazima wawili na watoto wawili. Ikiwa wawili wanapata vyumba tele lakini wanne wanakataliwa, maana yake vyumba vya vitanda vya ziada vimeisha, au boti za uokoaji za upande ule wa meli zimefikia idadi yake. Kila abiria lazima awe na nafasi katika kituo chake cha dharura, hivyo chumba kinaweza kuwa kitupu na bado mtu wa nne akakosa nafasi. Hiyo ni dalili ya familia nyingi. Usitegemee ile picha ya ramani ya sitaha yenye vyumba vichache vilivyobaki: vingine vimeshikiliwa kwa ajili ya vikundi, na waliokubali kupangiwa chumba baadaye hawaonekani humo.

Sasa kalenda, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa kudhani miezi yote mitatu iko sawa. Kwa safari za Karibi kutoka Florida na Texas, kipindi chenye watoto wachache huanza baada ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, sikukuu ya wafanyakazi Marekani, mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Wikiendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo nayo ni sikukuu Marekani, familia hurudi. Mwanzoni mwa Novemba walimu wa New Jersey huwa na mkutano wao na shule zao hufungwa Alhamisi na Ijumaa, kwa hiyo meli zinazoondokea bandari za New York na New Jersey hujaa watoto ghafla. Wiki ya Alhamisi ya nne ya Novemba, Thanksgiving (sikukuu ya shukrani Marekani), ihesabu kama Julai. Upande wa Ulaya, angalia likizo fupi ya Uingereza mwishoni mwa Oktoba, na za Ujerumani ambako kila jimbo lina tarehe zake.

Bei ya Septemba ni nafuu kwa sababu nyingine pia: msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na 10 Septemba. Nahodha akikwepa kimbunga, siku ya bandari hugeuka siku ya baharini na abiria wote wanabaki melini. Au meli kadhaa zinaelekezwa bandari moja, na msongamano unahamia gatini.

Njia ya safari nayo ina uzito wake. Safari za New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani) na Kanada, Septemba na Oktoba, huwa na wastaafu wengi na watoto wachache, lakini baridi huwafukuza watu sitahani. Ukumbi wa maonyesho, mkahawa wa kahawa na bwawa lenye paa hubeba mzigo wote, na meli huonekana ndogo kuliko hesabu yake. Meli zinazohama Mediterania kwenda Florida Oktoba na Novemba hukaa baharini siku sita au saba mfululizo: chumba cha watoto kimya, ukumbi wa mazoezi na wa mihadhara umefurika. Safari za usiku tatu au nne zinazoshika wikiendi ndizo zenye vurugu, mwezi wowote.

Ukishapanda, chakula cha mchana cha siku ya kwanza usikifuate kwenye bafe. Ulizia kama ukumbi mkuu wa chakula umefunguliwa, mara nyingi huwa na meza tupu. Siku za baharini bwawa hubanana kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Siku ya bandari, saa ile ile, hilo hilo bwawa unaweza kulipata karibu peke yako. Viti vilivyowekewa taulo tangu alfajiri visikutishe: kampuni nyingi huruhusu wahudumu kuondoa vitu vilivyoachwa kwa dakika 30 au 40. Mwite mhudumu, usiiguse wewe mwenyewe taulo ya mtu. Na maonyesho yakiisha, ngazi zitakufikisha kabla ya lifti.